Safari ya Sharjah: Mtambo Usemao na Mtambo Uliofungwa Mdomo



Tulitoka Muscat baada ya sala ya alfajiri, sisi na mpwa wetu aliyewasili kutoka Dar es Salaam siku mbili kabla. Tukaipita Barka, tukaipita Sohar, tukavuka mpaka Khatmat Malaha, na kutoka Kalba tukashika njia ipasuayo milima ya Hajar kuelekea Sharjah. Njia ile ni nzuri kwa mtazamaji, lakini kijana wetu hakuona mlima wala bahari. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye fedha alizokabidhiwa. Hazikuwa zake peke yake. Humo kilikuwamo kiinua mgongo cha mama yake, ambaye ni dada yetu, pamoja na bei ya shamba la minazi waliloliuza ndugu watatu, ili inunuliwe ekskaveta moja iliyotumika, ya kukodisha kwa wakandarasi.

Al Sajaa, mashariki ya mji wa Sharjah, ni mahali pa vumbi na chuma. Mitambo imepangwa safu kwa safu, mikono imeinama na vijiko vimelazwa mchangani, kama ngamia waliopigishwa magoti. Katika kiwanja tulichoingia tulisikia Kiarabu, Kiurdu na, kwa furaha yetu, Kiswahili. Fundi tuliyeelekezwa kwake ni mwenyeji wa Tanga aliyekaa huko miaka mingi. Alikuja na mkoba wenye kompyuta ndogo, mita ya kupimia umeme na geji moja ya mkono.

Mpwa wetu alikwisha kuchagua kwa macho. Ekskaveta ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa, na kwenye kioo chake hapakuwa na taa ya onyo hata moja. Ya pili, ya aina ile ile, ilikuwa chafu, rangi imebabuka, na taa nyekundu ilikuwa ikiwaka mbele ya dereva. Bei yake ilikuwa chini sana, kwani kila mteja aliyeiona taa ile aligeuza uso.

Fundi alianza na ile chafu. Kwanza alipima betri, kwa kuwa mitambo hii hutumia volti 24, kwa betri mbili za volti 12, na betri ikiwa dhaifu kompyuta huweza kutoa malalamiko mengi ya uongo. Betri zilikuwa nzima. Ndipo alipotusomea namba: 100 na 4.

"Mwalimu," alituambia, "namba hizi ni kama jina na kitenzi. Ya kwanza inataja kitu, ya pili inasema kimefanya nini."

Akatueleza kwamba kuna kanuni iitwayo J1939, iliyotolewa na chama cha wahandisi cha SAE cha Marekani, ambayo watengenezaji wengi wa injini kubwa huifuata, ingawa wengine wana namba zao wenyewe na ni lazima kitabu chao kifunguliwe. Katika kanuni hiyo, 100 ni shinikizo la oili ya injini. Ikifuatwa na 1, maana yake shinikizo lenyewe limeshuka mno. Ikifuatwa na 4, maana yake umeme unaorudi kutoka kwenye sensa uko chini ya kiwango, na huenda oili haina kosa lolote. Jina ni moja, lakini hitilafu ya kwanza huweza kugharimu injini nzima, na ya pili huweza kugharimu kipande cha waya.

Hata hivyo hakutwambia tununue sensa. Aliichomoa plagi ya sensa, akaitazama tena kompyuta. Katika mtambo wa aina ile, kama sensa ndiyo mbovu, kuichomoa hubadilisha 4 kuwa 3, yaani umeme kupanda kupita kiasi. Namba haikubadilika. Kwa hiyo kosa lilikuwa njiani, kwenye nyaya. Aliufuata waya kwa vidole hadi chini ya kibanda cha dereva, akakuta mahali uliposuguana na chuma hata ngozi yake ikaliwa na shaba ikagusa bodi. Akaufunga na kuutenga na chuma. Taa ikazimika. Akauwasha mtambo kwa muda mrefu, akaunyanyua mkono, akauzungusha, akaupeleka mbele na nyuma. Taa haikurudi.

Tukaenda kwenye ile inayong'aa. Kompyuta haikuonyesha hitilafu ya sasa wala ya zamani. Mpwa wetu alitabasamu; fundi hakutabasamu. Mita ilikuwa ikionyesha zaidi ya saa 9,000 za kazi, na pedali zilikuwa zimelika. "Umri huu wote usiwe na hata kumbukumbu moja?" akauliza. "Huyu hakukosa la kusema. Amefungwa mdomo." Kumbukumbu zaweza kufutwa kwa kompyuta, naye alishuku kuwa zimefutwa.

Akataka injini ichemke. Kijana wa muuzaji alisema hakuna haja, sisi tukakaa kitako. Oili ikiwa baridi ni nzito, nayo husitiri uchakavu. Ikipata moto huwa nyepesi, na hapo ndipo siri hutoka. Baada ya nusu saa na zaidi, injini ikizunguka polepole, taa iliwaka: 100 na 1. Fundi hakuiamini kompyuta peke yake hata hapo. Alifunga geji ya mkono kwenye tundu la oili, nayo ikatoa ushahidi ule ule. Yaweza kuwa pampu, yaweza kuwa beringi zilizokwisha. Bila kuifungua injini hakuna ajuaye.

Mpwa wetu alinyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, ile ndiyo niliyokuwa nimemwahidi mama."

Njiani kurudi tuliyakumbuka madaftari ya alama tuliyoyajaza kwa miaka mingi. Mtoto akipata 4 katika hesabu, alama ile hutaja somo. Haisemi kama mtoto hana akili, ana njaa, au haoni ubao. Wangapi tuliwahukumu kwa namba bila kuufuata waya? Na wangapi tuliwasifu kwa kuwa kimya?

Ndugu zetu wenye vijana wanaokuja kununua mitambo, wahimizeni walipe ujira wa fundi kabla ya kulipa bei ya mtambo, na wasikubali injini isiyochemshwa mbele yao. Na walio upande wa kuuza wakumbuke kwamba kuficha aibu ya bidhaa kwa rangi au kwa kompyuta ni kitendo kimoja, na dini yetu imekikataza.

Tukiandika haya, ekskaveta ile chafu iko baharini kuelekea Dar es Salaam. Tumwombe Mola aifikishe salama.

Wabillahi tawfiq.