Programu Yangu ya Makofi

Najua nimepotea kidogo, mniwie radhi. Mwezi mzima nimekuwa nikiipigia laptopu makofi. Sijui majirani wa hapa Umoja wananifikiria nini, lakini sijarukwa na akili, ilikuwa kazi.

Mwaka jana Baba alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza na sauti ikabaki ya kunong'ona. Mchana hushinda sebuleni kule ushago, Kakamega, na Mama akiwa zizini au shambani hawezi kumsikia akiita. Nikajiambia, mimi ndiye niliyesomeshwa sayansi ya kompyuta, nitashindwaje na hili? Baba atapiga makofi mawili, kisha laptopu yangu ya zamani ipige honi kupitia spika kubwa ya redio. Wazo lenyewe si jipya. Huko Marekani kifaa cha kuwasha taa kwa makofi, The Clapper, kilianza kuuzwa miaka ya 1980.

Kwa wale wanaopenda kujua mambo yanavyofanya kazi: sauti ikiingia kwenye maikrofoni, kompyuta huigeuza kuwa namba 44,100 kila sekunde. Mimi nilizikata vipande vya namba 441, yaani sehemu moja ya mia ya sekunde. Programu hupiga hesabu ya nguvu ya kila kipande, halafu huilinganisha na wastani wa sekunde iliyotangulia. Nguvu ikiruka ghafla mara nane au zaidi, kisha ikashuka upesi, huenda ni kofi. Sauti ya mtu anayeongea haipandi na kukatika haraka hivyo.

Tatizo ni kwamba dunia imejaa vishindo. Kuna mlango, kuna kifuniko cha sufuria, kuna mtoto wa jirani na mpira wake ukutani. Jumapili kanisa la hapo karibu lilipoanza kuimba, honi ililia mpaka nikaizima. Hayo angalau yalikuwa makofi ya kweli!

Nikaongeza kichujio. Kishindo cha mlango au meza ni kizito, nguvu yake nyingi iko chini ya hezi 1,000. Kofi ni kali zaidi. Kwa hivyo nilitupa kila kishindo kizito na kubakiza vile vikali. Kazi hiyo ilinichukua wiki mbili za usiku. Mwishowe nilipiga makofi mara 50 na programu ikakosea mara 2 tu. Nikajiona mhandisi kweli kweli.

Nikapanda basi la usiku. Asubuhi nikaweka laptopu mezani, nikaunganisha spika, nikasema, "Baba, sasa piga makofi."

Baba akanitazama. Akainua mkono wa kushoto. Ukabaki hapo hewani.

"Huo mwingine hauinuki, mwanangu," Mama akasema polepole.

Wasomaji, nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimepima kila kitu kuhusu kofi isipokuwa mikono ya mtu atakayelipiga. Na habari ya mkono ule nilikuwa nayo tangu siku ya kwanza hospitalini.

Baba ndiye aliyeniokoa. Alitabasamu kwa upande mmoja, akagonga mbao ya kiti chake kwa vidole vya kushoto. Ngo, ngo. Nikaelewa mara moja. Baba aliendesha matatu kwa zaidi ya miaka 20, na dereva wa matatu huongea na makanga wake kwa kugongewa bodi ya gari. Sasa yeye ndiye makanga.

Laptopu ikanyamaza tuli. Bila shaka! Kugonga mbao ni kishindo kizito, na kishindo kizito ndicho nilichokifundisha kukidharau kwa wiki mbili.

Basi nikafuta kichujio changu cha fahari. Nikachukua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, nikaifunga kwa selotepu chini ya mbao ya kiti. Mbao hubeba mgongo wa kidole vizuri kuliko hewa, kwa hivyo sasa kuku na redio havisumbui sana. Nafasi kati ya mgongo wa kwanza na wa pili nikaitoa nusu sekunde nikaifanya sekunde moja na nusu, kwa sababu mkono wa kushoto bado unajifunza.

Ngo... ngo. Honi ikalia boma zima. Mama akaja mbio na jembe mkononi, "Kuna nini?" Baba akaonyesha kikombe. Chai ilikuwa imeisha.

Stima ikipotea, betri ya laptopu hiyo haimalizi saa mbili, kwa hivyo kazi bado ipo. Lakini safari hii sitaanzia Umoja. Nitaanza nikiwa nimekaa kando ya kile kiti.