MG ya babu

Haya wadau, kipindi cha saa nne kimeahirishwa, ngoja niwape stori.

Mnanicheka ninavyogombania daladala na mkoba wa vitabu, hamjui kwamba niliwahi kumiliki gari la michezo la Kiingereza! Siwadanganyi. MGB ya 1965, viti viwili, paa la turubai, limetengenezwa Abingdon kule Uingereza. Babu alipofariki aliniachia mimi, maana ndiye niliyekuwa namshikia spana.

Lilikuwa na vituko. Betri mbili za volti 6 zimefichwa nyuma ya viti, halafu waya wa chanya ndio uliofungwa kwenye bodi. Fundi mgeni lazima abishe, usipomuwahi anageuza. Asubuhi unavuta choki, unasikilizia kabureta zake mbili, likigoma unaita watoto wa jirani wasukume. Lakini likishawaka jamani! Unakunja turubai, unashika njia ya Moshi kwenda Himo, umekaa chini mpaka macho yanalingana na matairi ya malori. Ule mlio nauota hadi leo.

Siku moja trafiki akanipiga tochi. Nikabisha, "Afande, mshale ulikuwa 50!" Kumbe dashibodi ile inahesabu maili. Maili 50 ni kilometa 80, na pale mwisho ni kilometa 50. Elfu thelathini ikaenda. (Mama kama unasoma, samahani.)

Nilikaa nalo miezi kumi na moja. Chuo kikanipokea, ada ikaja nayo. Mama akasema atauza ng'ombe wawili, na maziwa ya wale ng'ombe ndiyo yaliyokuwa yanawasomesha wadogo zangu. Nikampigia bwana mmoja wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, ambaye babu alishamkatalia mara tatu. Akaja na lori la kulibeba. Nikakataa lisibebwe kama maiti, nikaomba niliendeshe mwenyewe. Kilometa kama 80 hivi, yeye kakaa pembeni yangu, hatukuongea. Na siku hiyo liliwaka mara moja tu, bila hata kusukumwa!

Juzi kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na somo la kuunganisha betri kwa mfululizo. Nikachora gari ubaoni, betri mbili nyuma ya viti, 6 na 6 zinatoa 12. Mtoto mmoja wa mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, hilo gari liko wapi?"

Nikafuta ubao, nikawapa zoezi.