Mbegu za Nyanya: Barua kwa Nekesa

Kitale,
Januari 2026.

Kwa mpwa wangu mpendwa Nekesa,

Mahindi tumeshayakausha na kuyaweka ghalani, na bei ya gunia bado haijaturidhisha, lakini hayo tutayazungumza tukionana. Nimesoma ujumbe wako pamoja na ile habari ya mahakama uliyonitumia kwa simu. Umeniuliza kama sasa mnaweza kuuza mbegu za kienyeji hapo kwenye duka la agroveti Chwele bila kuogopa. Swali lako ni fupi, ila jibu lake lingenichosha vidole kwenye simu, ndiyo maana nimeketi kuandika barua.

Tarehe 27 Novemba mwaka uliopita, Jaji Rhoda Rutto wa Mahakama Kuu alibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu akiuza mbegu ambazo hazijasajiliwa, au hata akibadilishana na mwenzake. Adhabu iliyowekwa ilikuwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Vilianguka pia vifungu vilivyompa mkaguzi uwezo wa kuingia kwenye hazina ya mbegu ya wakulima na kuondoka na alichokuta. Waliopeleka kesi hiyo mwaka 2022 ni wakulima wadogo 15. Ukiwa dukani umesikia watu wakisema kwamba mkulima hana sauti. Waambie habari ya hao 15.

Mimi uamuzi huo umenifurahisha kweli. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inaliagiza Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda umiliki wa mbegu za kiasili na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Miaka miwili tu baadaye, marekebisho ya sheria ya mbegu yakaelekea upande mwingine kabisa. Nia ya kuzuia mbegu bandia ilikuwa njema, na wewe unajua jinsi mkulima anavyoumia akinunua paketi kwa pesa za karo kisha shamba lisiote. Lakini tapeli anayepaka rangi mahindi ya kula na kuyafunga kwenye paketi ni mtu mmoja, na mama wa kijijini kwetu Sirisia anayempa jirani yake kikombe cha mbegu ya wimbi ni mtu mwingine. Sheria iliwaweka wote wawili kwenye kapu moja, na hapo ndipo ilipokosea.

Sasa usije ukafikiri mjomba wako ameanza kuzichukia mbegu za paketi. Nimeishi Kitale, mji ambamo kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mwaka 1956, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Nikiwa kijana nilifanya kibarua kwenye mashamba ya mbegu. Unakuta mistari kadhaa ya mahindi mama, kisha mstari wa mahindi baba, halafu mama tena, hadi mwisho wa shamba. Kazi yetu ilikuwa kung'oa mbelewele kwenye mistari ya mama kabla haijamwaga chavua. Mnaingia alfajiri, umande umewalowesha hadi kiunoni, majani yanawakata shingo na mikono, na msimamizi anakuja nyuma akitafuta mbelewele mliyoiruka. Mkiacha chache tu, mahindi mama yanajichavusha yenyewe na mbegu ya sehemu hiyo inaharibika. Kwa hiyo mkulima anapolalamika bei ya paketi, namwelewa, lakini najua pia kilichomo ndani yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni asili ya mbegu hiyo. Mahindi chotara ya kwanza kutoka hapa, H611, yalitolewa mwaka 1964. Mzazi mmoja aliitwa Kitale Synthetic II. Mzazi wa pili aliitwa Ecuador 573, na hayo yalikuwa mahindi ya kienyeji kutoka nchi ya Ecuador, Amerika Kusini, mbegu ambayo wakulima wa milimani walikuwa wakiipanda na kuichagua kizazi baada ya kizazi. Mtafiti Michael Harrison ndiye aliyeileta Kitale. Ilipokutanishwa na ya kwetu, mavuno yakapanda, na Trans Nzoia ikawa ghala la nchi. Lau wakulima wale wa Ecuador wangekatazwa kumpa mtu mbegu isiyosajiliwa, H611 isingezaliwa. Nyuma ya kila mbegu ya maabara, Nekesa, kuna mkulima aliyeihifadhi kabla maabara haijajengwa.

Na hili si jambo la zamani tu. Unalijua kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama huko Bungoma na Busia. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hukaa ardhini miaka mingi zikingoja. Haziamki ovyo: husubiri mzizi utoe kemikali fulani, ndipo zinapojua kwamba chakula kimefika. Sasa wanasayansi wamegundua kwamba baadhi ya mitama ya kienyeji ya Afrika ina hitilafu ya kimaumbile kwenye jeni moja, inayoitwa LGS1, ambayo hubadilisha kemikali hiyo. Kayongo likikaa karibu na mzizi wa mtama huo haliitwi, kwa hiyo haliamki. Profesa Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzake wamekuwa wakitumia teknolojia ya kuhariri jeni, CRISPR, ili kuipa mitama mingine sifa hiyohiyo. Sikiliza vizuri hapo. Mojawapo ya teknolojia mpya kabisa katika kilimo inaiga kitu kilichokuwa tayari kwenye mbegu za wakulima ambao hawajawahi kulisikia neno jeni. Kama mitama ile ingepotea kabla ya kuchunguzwa, mtaalamu angeiga nini?

Kwa sababu hiyo hofu yangu si sheria tena. Hofu yangu ni kwamba tumepewa ruhusa ya kugawana mbegu wakati wenye mbegu wanazeeka. Mwaka huu ni wa tohara kwetu Wabukusu. Kufika Agosti, boma lenye kijana wa kutahiriwa litatafuta wimbi wa kutengeneza kimea. Wengi watakwenda sokoni kununua wimbi uliovuka mpaka kutoka Uganda. Si vibaya, ni ndugu zetu, lakini mbegu iliyozoea udongo wa Sirisia na mvua yake ni mali nyingine, na sijui nyumba nyingine kijijini kwetu inayoipanda bado zaidi ya kwa nyanya yako.

Kuhusu duka, basi. Mahindi chotara endeleeni kuyauza kwa paketi yenye stika ya KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, na mumsisitizie mkulima aikwaruze na kuhakikisha namba yake. Mkulima akikuambia atapanda tena aliyovuna kwenye chotara, mweleze ukweli: kizazi cha pili hakifanani, mengine yanarefuka, mengine yanabaki mafupi, na mavuno yanashuka. Mahindi pia huchavushwa na upepo, kwa hiyo hata ya kienyeji huchanganyika na ya jirani. Tena magonjwa mengine husafiri ndani ya mbegu. Tangu ule ugonjwa wa mahindi uzuke Bomet mwaka 2011 na kukausha mashamba mazima, sitaki kusikia mtu akisema ukaguzi hauna maana.

Wimbi, maharagwe, kunde na njugu mawe ni habari nyingine. Mimea hiyo kwa kawaida hujichavusha yenyewe, kwa hiyo ukihifadhi mbegu safi unapata mmea uleule mwaka unaofuata. Hapo ndipo ningeanza, pamoja na mboga za kienyeji: saga, mitoo, murenda na managu. Lakini msizifunge kwenye paketi za rangi mkazipa sifa ambazo hamjazipima. Wapeni nafasi akina mama waziuze kwa gorogoro au kwa kikombe, na kwenye kila mfuko paandikwe jina la mbegu, kijiji ilikotoka, mwaka iliovunwa na mama aliyeitunza. Jina la mama huyo lisikosekane kamwe. Akija mtu mwenye gari zuri akitaka kuchukua sampuli za utafiti, mkaribisheni kwa heshima, kisha aandike alichochukua, kwa nani, na kwa kazi gani, nanyi mbaki na nakala. Sehemu nyingine ya mbegu tungeipeleka benki ya jeni ya taifa kule Muguga, ambayo inatunza makumi ya maelfu ya sampuli. Hazina hiyo ni nzuri, ila mbegu iliyolala kwenye baridi haijifunzi ukame wa mwaka huu. Lazima nyingine ziwe shambani.

Wewe una cheti cha kilimo, na nyanya yako ana mbegu. Naomba mkutane kabla ya mvua ya Machi. Ukienda Sirisia ingia jikoni, utaona masuke ya wimbi aliyoyaning'iniza juu ya meko, yamekuwa meusi kwa moshi, na hakuna mdudu anayeyagusa. Kando ya mlango kuna kibuyu cha njugu mawe alizochanganya na majivu, amekiziba mdomo kwa gunzi. Muulize huchagua suke lipi na kwa nini, hupanda siku gani, ni lipi lililostahimili mwaka wa jua kali. Usimkimbize, wala usimsahihishe hata kama chuoni mlifundishwa tofauti. Andika kwanza, tutapima baadaye. Mrekodi pia kwa simu kwa lugha yake mwenyewe, maana hadithi nyingi za mbegu anazisimulia kwa Kibukusu na kwa Kiswahili anazifupisha.

Nimetenga kipande karibu na kisima kwa ajili ya kuzizalisha. Nitakuja Sirisia mwishoni mwa Februari nikiwa na mitungi ya kioo yenye mifuniko ya kubana. Nijulishe mapema kama bado anazo zile njugu mawe nyekundu, na kama zinatosha kikombe kimoja au ni za kuhesabu, ili nijue nilime mistari mingapi. Mwambie pia nitamletea majani ya chai.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi mjomba wako,
Kitale.