Mwanga wa Kibanjani

Ndani ya kibanja, hata saa sita mchana, mwanga ni haba. Majani ya migomba yanaufunika juu, mibuni inaukata chini yake, na kinachofika ardhini ni vipande vya jua vyenye ukijani, vinavyohama kila upepo unapopita. Humo ndimo zilimo nyumba zetu za Nyanga, humo ndimo watu hupokea wageni, huoza binti zao na kulilia wafu wao. Nimefanya kazi ya picha za mnato na za video Bukoba na Muleba tangu ujana wangu, na nikiulizwa vifaa vimebadilika vipi, sianzi na 4K wala droni. Naanza na uso wa mtu mweusi aliyekaa chini ya mgomba. Kamera za zamani hazikuuona. Za leo zinauona.

Miaka ya 1980, nilipokuwa mtoto, mpiga picha alikuwa mtu wa Jumapili. Alisubiri nje ya kanisa misa iishe, shingoni Zenit ya Kirusi au ile Yashica ya kuchungulia kwa juu, kisha akatupanga tukilikabili jua, macho tumeyafumba nusu. Yashica ilitoa picha 12 kwa filamu moja na Zenit 36, kwa hiyo hakuna aliyepigwa mara mbili, ukipepesa, umepepesa. Filamu za nyeusi na nyeupe zilisafishwa hapa hapa mjini, kwenye chumba cha giza nyuma ya studio. Za rangi zilipanda meli kwenda Mwanza, au zikavuka Mutukula kwenda Kampala mkononi mwa mtu wa kuaminika, na wiki zikapita kabla hujajua umetoka vipi.

Kulikabili jua kulikuwa na sababu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na picha moja ya rangi, iliyopigwa uani kwake chini ya migomba siku ya ubatizo wa mjukuu. Gauni lake jeupe lilikuwa limewaka mpaka mishono haionekani. Uso wake ulikuwa doa jeusi lisilo na pua wala mashavu. Aliniambia siku moja akiishika kwa ncha za vidole: "Gauni nalijua, waitu. Huyu aliyelivaa simjui." Picha aliitunza hata hivyo, kwa kuwa hakuwa na nyingine ya rangi.

Nilidhani kosa ni la mpiga picha. Baadaye, nilipoanza kusoma mambo ya kazi yangu, niligundua kwamba sehemu kubwa ya lile doa ilitengenezwa mbali sana na Nyanga. Filamu ya rangi ina mpaka wa kubeba tofauti kati ya cheupe na cheusi, na mpaka huo uliwekwa kwa kufikiria ngozi fulani. Kwa miongo kadhaa Kodak ilizipelekea maabara kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa. Uso wa Shirley ukitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwongozaji wa filamu Jean-Luc Godard, akifanya kazi Msumbiji, alikataa kutumia filamu ya Kodak akisema ina ubaguzi. Na mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Kanada, ameeleza jambo ambalo bado linaniuma nikilikumbuka: malalamiko yaliyoisukuma Kodak kurekebisha kemikali zake hayakuwa ya watu weusi. Yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao matangazo yao hayakuonyesha tofauti ya kahawia moja na nyingine. Filamu mpya ya Gold ilipotoka, ilisifiwa kwamba inaweza kumpiga farasi mweusi penye mwanga hafifu. Bibi yangu alikuwa amekaa chini ya mgomba wake muda wote huo.

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kushika taa. Hiyo ni katikati ya miaka ya 1990. Tanzania Bara ilikuwa ndiyo kwanza imepata televisheni, ITV ikianza mwaka 1994, na kwa watu wengi wa kwetu kuona harusi ya jirani kwenye deki lilikuwa jambo kubwa kuliko kuona habari za Dar es Salaam. Mwalimu wangu wa kazi alikuwa na Panasonic M9000, kamera ya kubeba begani inayomeza kanda nzima ya VHS. Mchana alijitahidi nayo. Jioni, au ndani ya nyumba, ilitoa chenga tupu bila taa. Kamera zile zilipokosa mwanga zilijiongezea nguvu za umeme ndani kwa ndani ili zione, na kelele za umeme huo ndizo zilizoonekana kama mchanga unaochemka usoni mwa bibi harusi.

Kwa hiyo taa ilikwenda kila mahali. Wati 1,000, imefungwa kwenye mti au kwenye bomba la chuma, na waya mrefu kutoka kwenye jenereta lililofichwa nyuma ya migomba ili lisisikike. Umeme wa gridi mjini kwetu ulitoka Uganda kupitia Masaka na Kyaka, na haukuwa wa kuutegemea katikati ya kiapo. Joto la taa ile sitalisahau. Bibi harusi alitoka jasho na poda ikachora mifereji. Wazee waliweka viganja juu ya macho, na ukitazama kanda za wakati ule utaona ukoo mzima umeinamisha vichwa kama wenye haya, kumbe wanakwepa taa yangu. Novemba ilikuwa shida zaidi: senene waliifuata taa kwa mamia, na mara sherehe ikawagawa watu, hawa wanamsikiliza mshenga, hawa wanakamata senene na kuwatia mifukoni. Mwalimu wangu alikuwa akipiga yote mawili. Namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Jambo lililonisumbua ni duara. Aliyekuwa ndani ya duara la taa alikuwa mtu. Aliye nje hakuwepo. Mama wadogo waliokaa nyuma kwenye mikeka, vijana waliogawa lubisi, pombe yetu ya ndizi, bibi aliyeketi karibu na mlango kwa kuwa magoti yake hayakumruhusu kusogea: hawamo kwenye kanda yoyote. Na kwenye misiba taa ilikuwa ukatili. Unaingia nyumba iliyotandikwa nyasi, akina mama wamekaa sakafuni gizani na huzuni yao, halafu mtoto wa watu anawamulikia wati 1,000 usoni kwa sababu ndugu wa Dar es Salaam anataka kanda. Usiku mmoja huko Kamachumu mwalimu wangu alinipa ishara nizime. Akaendelea kurekodi gizani. Familia ilipokea kanda yenye sauti za waombolezaji, nyimbo na majina ya ukoo yakitajwa, na picha nyeusi. Hawakulalamika. Mama mmoja wa pale alisema hiyo ndiyo kanda anayoweza kuisikiliza.

Miaka ya 2000 ilileta mikanda midogo ya dijitali. Sony PD150 ilitoka mwaka 2000 na PD170 mwaka 2003, na hii ya pili ilitangazwa kuwa inaona kwenye laksi 1, yaani mwanga wa mshumaa ulio umbali wa mita moja. Tangazo lilivuka ukweli kidogo, lakini wati 1,000 zikawa 300, kisha taa ndogo ya betri juu ya kamera. Duara lilipungua joto. Halikuondoka.

Lililoliondoa ni kifaa ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya harusi. Canon EOS 5D Mark II ilitangazwa Septemba 2008 kama kamera ya picha za mnato, na video ikawekwa ndani yake kwa ajili ya waandishi wa habari. Kwetu ilifika miaka michache baadaye, kupitia Kampala na Kariakoo. Kihisio chake, kile kipande kinachopokea mwanga, kina ukubwa wa milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani; eneo lake ni takriban mara 50 ya kila kihisio cha PD170. Ukiifunga lenzi ya milimita 50 yenye mdomo wa f/1.8, ile ya plastiki ya bei ndogo kuliko zote, ilikusanya mwanga ambao hatukujua kwamba upo. Nakumbuka nilivyoielekeza ndani ya nyumba ya mzee mmoja Nyanga, mlango wazi, hakuna taa. Alikuwa anazungumza na wageni wa posa. Kwenye kioo kidogo niliona uso wake: kahawia ya paji, wekundu kidogo chini ya macho, ndevu nyeupe moja moja. Hakufumba jicho. Hakujua hata kwamba nimeanza.

Kamera hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Sauti yake ilikuwa mbaya, ikabidi tununue vinasa vya pembeni. Ilikata video kila baada ya dakika 12 hivi, na hakuna padri wa kwetu anayehubiri dakika 12. Lakini tangu siku hiyo taa kubwa sikuibeba tena msibani.

Sitakaa sana kwenye droni. Zinaonyesha vizuri namna vibanja vinavyopakana na rweya, yaani mbuga za nyasi, zinahitaji usajili na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kwa video ya harusi ya dakika 90, sekunde 40 za juu zinatosha. Simu ni habari nzito zaidi. Asubuhi ya mawingu na mvua ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air yenye watu 43 ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba na kuua 19, picha ambazo dunia ilizitazama kwanza zilitoka kwenye simu za watu waliosimama ufukweni. Nyuso za wavuvi waliokuwa wakiokoa watu zilionekana. Miaka 20 kabla zingekuwa vivuli. Na hapa kuna haki ya kusemwa: kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, iliuza sana Afrika kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ilizipanga kamera za simu zake kwa kupima ngozi nyeusi. Kijana wa Muleba mwenye Tecno Camon ya mkopo ana kifaa kilichomfikiria kabla hajakinunua.

Habari za karibuni zinakwenda upande huo huo. Sony FX3 ya mwaka 2021 ina ngazi mbili za asili za wepesi wa kuona, ya pili ikiwa ISO 12,800, ambapo picha inabaki safi kwa mwanga wa kibatari. Mjini tunaikodi kwa siku. Mwaka 2024 Nikon iliinunua RED, kampuni ambayo kamera yake ya kwanza mwaka 2007 iliuzwa dola 17,500 bila lenzi, na Septemba 2025 ikatangaza Nikon ZR yenye mfumo wa rangi wa RED kwa bei ya dola 2,200 hivi. Kwa kijana anayeanza leo Rwamishenye, huo ni mlango ambao sisi hatukuwahi hata kuuona.

Ndiyo maana linaniuma linalofanyika baadaye, kwenye uhariri. Kamera hatimaye imemwona mtu wetu, halafu sisi wenyewe tunamfuta. Bibi harusi anapandishwa mwanga hadi anakuwa rangi ya chai ya maziwa, pua inapunguzwa, ngozi inalainishwa mpaka haina vinyweleo, na mama yake aliyesimama kando anabaki na rangi yake, kama vile si damu moja. Vijana wananiambia wateja ndivyo wanavyotaka. Wengine, ndiyo. Wengi wamezoeshwa tu.

Ninaofanya nao kazi nawaanzishia mbali na kompyuta. Nawafundisha mistari ya pundamilia, ile alama ya kwenye kioo inayoonyesha sehemu iliyofikia kiwango fulani cha mwanga. Kamera nyingi huja zimewekwa asilimia 70, kiwango kilichozoeleka kwa uso wa mzungu. Ukimpandisha mtu wa Nyanga mpaka 70, gauni limeungua na uso umepauka. Naishusha kwenye 50, wakati mwingine 45, napima shavu, shela inakaa mahali pake. Baada ya hapo mhariri hana cha kuokoa.

Juzi, bibi harusi wa Nshamba alikuja kutazama picha zake kabla hatujazichapa. Aliomba nimng'arishe. Nikamfungulia picha mbili, ile iliyong'arishwa na ile ya kamera, aliyopigwa uani kwao, chini ya migomba, saa tisa alasiri, bila taa. Shangazi yake aliyemsindikiza aliinama karibu na kioo, akagusa ile ya pili, akasema, "Huyu ndiye anayefanana na marehemu mama." Binti akakaa kimya akiitazama.

"Basi niache hivyo," akasema. "Ila kipele cha kidevuni uniondolee."

Nikakiondoa.