Simba Ana Kaburi

Milima ya Nyandarua huonekana vizuri kutoka uani kwao. Asubuhi za Januari, kabla ukungu haujapanda, mtu akisimama karibu na zizi la ng'ombe huuona ukingo wa msitu na, juu yake, uwanda wa baridi ambako hakuna anayeishi. Mama ameitazama milima hiyo kwa takriban miaka hamsini, tangu alipoolewa kijijini hapo, upande wa Tetu, Nyeri. Alipomwambia mumewe kwamba kabla ya kufa angependa kufika huko juu, mumewe, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alichukua ramani na kalamu akapanga safari ya siku nne: wauzunguke Mlima Kenya hadi mbuga ya Meru, warudi kwa njia ya Sirimon, na siku ya nne ndipo waingie Nyandarua. Msitu ambao haufiki hata mwendo wa saa moja kwa gari kutoka nyumbani akauweka mwisho kabisa. Mama aliitambua hila hiyo, wala hakutia neno.

Babake Mama aliingia msituni mwaka 1953, bintiye akiwa bado tumboni, na hakutoka. Babake Mwalimu alikuwa ngati, mmoja wa wale waliopewa silaha na serikali ya kikoloni ili kuwazuia wapiganaji wasipate chakula kutoka vijijini. Hili halikuwa siri. Kijiji kizima kililijua hata siku ya harusi, mwaka 1977. Ndoa ilidumu kwa sababu wawili hao walipendana na, yafaa kusema ukweli, kwa sababu waliafikiana bila kusemezana kwamba jambo hilo lisiguswe. Walilea watoto wanne juu ya kimya hicho. Lakini miaka miwili iliyopita, wakitoka kumzika jirani, Mama alitamka neno lililomnyima Mwalimu usingizi. Siku yake ikifika, alisema, asizikwe katika shamba lile. Hakueleza sababu, na Mwalimu hakuthubutu kuuliza.

Basi waliazima gari la kijana wao, Subaru yenye magurudumu manne yanayovuta, wakajaza chai kwenye chupa mbili, wakaondoka alfajiri.

Ni tabia ya walimu wa zamani kusomesha hata wakiwa likizoni. Kabla ya kufika Nanyuki, Mwalimu alikuwa amekwisha kueleza jinsi vilele vya Mlima Kenya vilivyopewa majina ya viongozi wa kidini wa Wamaasai: Batian, mita 5,199, Nelion, mita 5,188, Lenana, mita 4,985. Majina hayo, alisema, yalitolewa na Mwingereza, Halford Mackinder, aliyefika kilele cha Batian mwaka 1899. Wakikuyu, Wameru na Waembu waliokaa chini ya mlima huo kwa vizazi hawakuulizwa. Walipovuka mstari wa ikweta na kuyapita mashamba ya ngano ya Timau, alihamia kwenye neno "mbuga". Lilimkera tangu ujana wake. Mbuga, kwa asili, ni uwanda mpana wa nyasi. Iweje basi mlima wenye barafu na misitu ya mianzi uitwe mbuga ya wanyama kwa kuwa tu serikali imeweka lango? Mama aliitikia pale palipohitaji kuitikiwa. Alijua kwamba mumewe huongea sana akiwa na hofu.

Meru, hata hivyo, ilistahili neno hilo. Waliteremka kutoka Maua hadi lango la Murera, hewa ikageuka kuwa ya moto, na mbele yao ukafunguka uwanda uliokatwa na mito, kila mto ukisindikizwa na safu ya mikoche. Waliwaona twiga na pundamilia, na nyati waliolala tope mgongoni. Mama alifurahi kama mtoto. Kesho yake askari wa wanyamapori akawapeleka kando ya mto Ura, kwenye kaburi la Elsa, yule simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson na kurudishwa porini. Elsa alikufa mwezi Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe, akazikwa papo hapo. Mwalimu aliwahi kusoma habari za mume na mke hao. Walipendana porini, wakaachana papo hapo porini, kila mmoja akawa na kambi yake. Joy aliuawa mwaka 1980 huko Shaba, na George mwaka 1989 huko Kora. Alianza kuyasimulia hayo yote, kisha akakatiza kauli katikati, maana Mama alikuwa ameinama juu ya jiwe, akilifuta vumbi jina lililoandikwa.

"Simba ana kaburi," Mama alisema.

Alisema hivyo tu. Wakarudi garini.

Siku ya tatu, ya Sirimon, haina mengi. Baridi ilikuwa kali, ukungu ulikifunika kilele, na gari likazimika mara mbili. Walilala Nyeri mjini badala ya kwenda nyumbani, kana kwamba wangefika nyumbani wasingeondoka tena.

Lango la Kiandongoro liko pale mashamba ya chai yanapokoma. Nyandarua ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1950, ikaitwa Aberdare, jina ambalo Joseph Thomson, katika safari yake ya 1883-1884, aliipa milima hiyo ili kumtukuza rais wa chama cha jiografia cha London. Miaka mitatu tu baada ya msitu kutangazwa kuwa mahali pa kuhifadhi viumbe, ndege za kivita za Uingereza zilianza kuuangushia mabomu. Mama alisimama kando akimtazama mumewe akilipa kiingilio kwa simu. Alikuwa akitabasamu, lakini si kwa furaha.

"Baba aliingia bure," alisema.

Kabla ya kupita lango, Mwalimu alizima gari karibu na ua wa umeme. Ua huo, uliokamilika mwaka 2009, unaizunguka Nyandarua kwa karibu kilomita 400 ili ndovu wasile viazi vya watu na watu wasikate miti ya ndovu. Mwalimu hakuueleza. Alinyoosha kidole upande wa chini, kwenye bonde dogo lililoota nyasi.

"Mama, handaki lilipita huku."

"Najua. Mama yangu alilichimba, mimi nikiwa mgongoni."

Handaki hilo lilichimbwa kwa kazi ya kulazimishwa, wengi wa wachimbaji wakiwa wanawake na watoto, likasimikwa vijiti vya mianzi vilivyochongwa ncha ili asipite mtu wa kupeleka wala wa kufuata chakula. Kila sehemu ilikuwa na walinzi wake.

"Sehemu hii," Mwalimu alisema, "baba ndiye aliyeilinda."

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza kama mzee aliwahi kusimulia lolote.

"Nilimwuliza mara moja, nikiwa chuo cha ualimu. Akaniambia nikafungulie mbuzi."

Wakaingia. Njia ilipanda katikati ya mianzi, gari likinguruma kwa gia ya kwanza, kinyesi cha ndovu kikitoa mvuke barabarani. Mbega walirukaruka juu ya miti mizee yenye ndevu za kijivu. Halafu ghafla miti ikaisha, ukawa uwanda wa nyasi za mashungi, lobelia zimesimama moja moja kwa urefu wa mtu, na upepo wa kukata masikio. Mama alikuwa amedhani miaka yote kwamba msitu wa babake ni giza. Hakutarajia mahali peupe kiasi hicho. Walishuka kwenye jukwaa la kuyatazamia maporomoko ya Karuru, yanayoanguka kwa ngazi tatu, jumla ya mita 273, lakini ukungu ulikuwa umelijaza bonde. Maji yalisikika tu.

Hapo ndipo Mwalimu alipolisema lile alilolizungukia kwa siku tatu. Mwaka 1953 ilitungwa sheria ya kuwanyang'anya ardhi wapiganaji wa msituni, na mashamba yalipounganishwa na kupimwa upya baadaye, waliokuwa msituni au kizuizini hawakuwapo kudai mipaka yao. Walioitumikia serikali walikuwapo. Kipande cha shamba lao kilicho chini ya kijito, ekari mbili na nusu, hakikuwa cha mzee kabla ya wakati huo. Aliujua ukoo uliokuwa nacho. Alikuwa akiujua tangu mwaka babake alipofariki, aliposoma karatasi zilizokuwa ndani ya kasha.

Mama hakulia wala hakumlaumu. Alimimina chai, akampa mumewe kikombe cha kwanza, cha pili akakimwaga polepole juu ya nyasi za ukingoni, akakaa akiusikiliza mto. Walikaa hivyo hadi mikono ikafa ganzi.

Waliteremka kwa upande wa magharibi, wakatoka kwa lango la Mutubio hadi Ndunyu Njeru. Hapo Mama alitaka asimamishiwe gari anunue kabichi na viazi, akapatana bei kwa ukali wake wa siku zote. Aliporudi na kufunga mkanda ndipo alipouliza.

"Watu wa kile kipande, wako wapi siku hizi?"

"Mjukuu mmoja huuza mitumba pale soko la Nyeri. Wengine sijui."

"Unamjua kwa sura?"

"Namjua. Nilimfundisha."

Mama alipanga mifuko ya viazi miguuni pake ili isigongane.

"Jumatatu ni siku ya soko?"

"Soko huwa kila siku," Mwalimu alisema.

"Basi twende Jumatatu. Hati usiisahau."

Kuhusu mahali pa kuzikwa hakusema lolote, na Mwalimu, aliyekuwa akiingiza gari barabara ya Naivasha, hakumwuliza.