Kanda Ndani ya Deki

Neno kanda huwapa shida wanafunzi wengi wa Kiswahili. Ipo kanda ya kunasia sauti na picha, ambayo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi. Zipo kanda ambazo ni wingi wa ukanda, yaani maeneo ya nchi au ya dunia. Kisha kipo kitenzi kanda, ambacho hakihitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kusubiri chapati. Katika miaka ya 2000, kanda ya kwanza ilipoanza kutoweka madukani na nafasi yake kutwaliwa na diski za DVD, wakazi wengi wa Kitui na Makueni walidhani wameagana na neno hilo. Kumbe maana ya pili ilikuwa imejificha ndani ya deki.

DVD zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997. Kampuni kubwa za filamu zilitaka kuuza filamu moja kwa bei tofauti na kwa nyakati tofauti katika sehemu mbalimbali za dunia, na kwa hiyo zikaigawa dunia katika kanda sita. Marekani na Kanada zikawa kanda ya 1. Ulaya na Japani zikawa kanda ya 2, na Uchina ikapewa kanda ya 6 peke yake. Bara la Afrika halikuachwa zima. Afrika Kusini na Misri ziliwekwa katika kanda ya 2 pamoja na Ulaya, ilhali Kenya ilitupwa katika kanda ya 5 pamoja na India na Urusi. Johannesburg, kwa hesabu hiyo, iko karibu na London kuliko ilivyo karibu na Nairobi. Diski ya kanda moja haikubaliki katika deki ya kanda nyingine, isipokuwa deki hiyo iwe ya kanda zote, ambayo mafundi huiita ya kanda sufuri.

Kinaya ni kwamba kufuli hilo halikumsumbua mwizi. Diski zilizouzwa katika masoko ya Kitui, Mwingi, Wote na Kibwezi zilikuwa aghalabu nakala zilizochomwa kwa kompyuta, na nakala za aina hiyo hazina kanda. Kijana aliyenunua diski moja yenye filamu nane, zikiwemo zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili cha mitaani na DJ Afro, alitazama zote bila kizuizi. Aliyezuiwa ni yule aliyepokea diski halisi, iliyonunuliwa kwa fedha halali ughaibuni.

Miongoni mwa waliozuiwa ni mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyekuwa akifunza karibu na Wote. Mamake aliishi Kitui, katika kijiji kilicho mbele ya Mutomo. Ndugu yake mdogo alikuwa Marekani, na mwaka 2008 alifunga ndoa huko. Mama hakuweza kusafiri. Miezi michache baadaye msafiri alileta bahasha yenye diski mbili: moja ya arusi, na nyingine ya filamu ya maisha ya Yesu ambayo bwana arusi alimnunulia mamake dukani. Jambo lililomfanya mwalimu asilale ni macho ya mama. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa likifuata. Alitaka mama amwone mkaza mwanawe kwa jicho lake mwenyewe, si kwa kusimuliwa.

Alizijaribu diski hizo kwanza katika deki ya shule. Filamu ya Yesu ilikataliwa papo hapo. Arusi ilionekana, lakini bila rangi, na picha ikawa inapanda na kuporomoka kama mtu anayepigana na usingizi. Fundi mmoja akaamua kuwa diski zote mbili zimefungwa kwa kanda. Hapa ndipo wengi walipopotea na kutupa fedha zao, kwani maradhi yalikuwa mawili. Filamu ya dukani ilifungwa kweli kwa kanda ya 1. Diski ya arusi, kwa kuwa ilichomwa na mpiga picha katika kompyuta yake, haikuwa na kanda yoyote. Tatizo lake lilikuwa mfumo wa picha. Marekani ilitumia mfumo uitwao NTSC, wenye mistari 525 na takriban picha 30 kwa sekunde. Runinga za Kenya zilifuata mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na picha 25. Deki ya kanda zote isiyoweza kugeuza mfumo ingemfaa mwalimu kwa Yesu, isimfae kwa arusi.

Ndugu yake alijitolea kumtumia deki kutoka Marekani. Wazo lilikuwa la upendo, lakini halikuwa na akili. Deki nyingi za huko zilitengenezwa kwa umeme wa volti 120, na ukiichomeka deki ya namna hiyo katika umeme wetu wa volti 240, utanusa moshi kabla ya kuona picha. Isitoshe, ingekuwa imefungwa kwa kanda ya 1, na mama asingeweza kutazama diski halali ya kanda ya 5, hata kama diski hizo zilikuwa adimu kuliko mvua ya Julai.

Basi siku moja ya likizo mwalimu aliingia katika duka la vifaa vya umeme mjini Kitui. Kwenye rafu ya juu palikuwa na deki za majina makubwa, nzito, zenye hati ya dhamana ya mwaka mmoja. Chini yake palikuwa na deki nyepesi kutoka Uchina, zenye majina ambayo hayatamkiki mara mbili kwa namna moja, kwa bei isiyofika nusu. Mwalimu, kama walimu wengi, aliheshimu jina. Kijana wa duka akamwuliza anataka kutazama nini.

"Hizi," akasema, akizitoa zile diski mbili.

"Basi, Mwalimu, usinunue jina. Nunua ile itakayozisoma."

Wakaanza na ya bei kubwa. Ikamkataa Yesu, sawasawa na ile ya shule. Ndipo kijana akachukua ile nyepesi, akafungua trei, akabonyeza tarakimu kadhaa kwenye rimoti, na orodha iliyofichwa ikajitokeza. Akachagua sufuri. Yesu akaonekana, akitembea kando ya ziwa kwa rangi zake zote. Arusi nayo ikaonekana. Mwalimu akaanza kutoa pesa, lakini kijana akamzuia.

"Runinga hii ya duka inasoma mifumo yote. Ya nyumbani je?"

Ya nyumbani ilikuwa ndogo, ya zamani, yenye kusoma PAL tu. Kijana akaingia katika mipangilio, akaondoa alama kwenye neno lililomaanisha kuwa deki ijichagulie, akaiweka kwenye PAL. Kuanzia hapo deki ingegeuza kila kitu kuwa PAL kabla ya kukitoa. Kisha akamwonyesha tundu dogo la nyuma la kupokea volti 12, kwa maana kijijini hapakuwa na umeme wa nguzo. Palikuwa na paneli ya sola na betri ya gari. Yote hayo hayakuandikwa kwenye boksi. Deki ya bei nafuu ilishinda kwa sababu watengenezaji wake hawakujali sana mipaka iliyochorwa na wenye filamu, na kwa sababu kijana yule aliuliza maswali mawili.

Jioni ile majirani walijaa chumbani, watoto sakafuni, mama kwenye kiti kilichosogezwa hatua moja kutoka kwenye kioo. Bibi arusi alipotokea, watu wakapiga vigelegele. Mama alimtazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akanyamaza. Baadaye kidogo akainua mkono.

"Rudisha."

Mwalimu akarudisha.

"Yule mwanamke aliyekaa kwenye kiti cha mbele, upande wa mwanangu, ni nani?"

Alikuwa mama wa makamo aliyevaa kilemba cha kijani. Mwalimu alieleza kwamba ni Mkamba wa Machakos aliyeishi mji uleule wa Marekani, na kwamba aliombwa akalie kiti cha mama wa bwana arusi ili kisiwe kitupu.

"Mrudishe tena."

Alimrudisha mara tatu. Mara ya tatu mama aliinama mbele, jicho la kulia likikaribia kugusa kioo, akamkagua yule mwanamke kuanzia kilemba hadi viatu. Akauliza anaitwaje, na kama ana watoto. Mwalimu hakujua. Akaagizwa aulize katika barua itakayofuata.

Betri ilizimika kabla keki haijakatwa. Waliimalizia kesho yake, jua lilipokuwa limeijaza tena.