Ziwa Lililokauka Nyuma ya Ngorongoro

Ninyi mkaao Karatu huuona mlima wa Ngorongoro kila asubuhi umevikwa mawingu, wala hamwulizi upande wa pili kuna nini. Nasi tulikuwa hivyo, hata siku moja tukaondoka alfajiri, walimu wanne na wake zetu wawili, tukaenda kutazama.

Njia yapita mlango wa Lodoare, kisha yapanda msituni. Ukungu ulikuwa mzito hata dereva akawasha taa za motokaa. Matawi ya miti yalidondosha maji, ingawa mvua haikunyesha. Hapo juu ndipo lilipo shimo kuu, kilele cha mlima wa moto kilichoporomoka ndani yapata miaka milioni mbili na nusu iliyopita. Kina chake chapata mita 600. Habari zake mmekwisha kuzisoma mara nyingi, na kwa kweli siku ile hatukuona ila weupe mtupu.

Tulipoanza kushuka upande wa magharibi, mawingu yakakoma ghafula. Mbele yetu palikuwa na nchi ya rangi ya ngozi ya simba: nyasi kavu, vumbi, na migunga michache. Sababu yake ni mlima wenyewe. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi zikifika kwetu hupanda, hupoa, na kuacha mvua yake. Zikiisha kuvuka, hazina kitu mkononi. Mlima ule ule utupao mahindi na ngano ndio uwanyimao wenzetu.

Hata tukafika Oldupai, jina la mkonge wa porini kwa Kimasai. Ni korongo la urefu wa kilomita 48 hivi, na kina chake katika mahali pengine chapata mita 90. Kuta zake ni tabaka juu ya tabaka, chini jiwe jeusi la volkano, juu yake majivu meupe, tena udongo mwekundu kama tofali. Tuliambiwa ya kuwa karibu miaka milioni mbili iliyopita palikuwa na ziwa hapo. Hatukusadiki upesi, kwa maana midomo yetu ilikuwa imepasuka kwa ukavu; lakini mifupa ya samaki, ya mamba na ya viboko imechimbuliwa katika udongo ule. Ndiko Bibi Mary Leakey alikoona, tarehe 17 Julai 1959, fuvu la kiumbe mfano wa mtu, ambalo umri wake wapata miaka 1,750,000.

Mwenzetu mmoja afundishaye dini akauliza, "Watoto wakiniuliza habari za miaka hii, niwajibuje?" Tukanyamaza. Kisha mkubwa wetu akasema, "Mwalimu, waambie uliyoyaona. Mungu hakuyaficha, wewe utayafichaje?" Yule hakuridhika sana, nasi hatukumlazimisha.

Si mbali na hapo kuna kilima cha mchanga mweusi, umbo lake kama mwezi mwandamo, kiendacho chenyewe. Ni majivu ya Oldoinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Upepo hukisukuma yapata mita 17 kwa mwaka, na vibao vyenye miaka vimesimikwa nyuma yake kuonyesha kilikopita. Ukirusha konzi ya mchanga ule hautawanyiki sana, kwa kuwa una chuma ndani yake.

Tulipokuwa tukirusha mchanga kama watoto, akaja kijana mchungaji na mbuzi zake. Akasema, "Shikamooni." Tukaitika, "Marahaba, mwanetu." Akaomba maji. Mke wa mwalimu akampa chupa, naye akanywa nusu, akatia kifuniko, akaomba ruhusa kwenda nayo kwa mdogo wake. Tukampa na nyingine.

Jioni tukarudi msituni, na matawi yalikuwa yakidondosha vilevile. Hakuna aliyenena. Chemchemi tunywazo Karatu hutoka chini ya msitu ule.

Jumatatu mwalimu wa dini aliingia darasani akauliza maji yetu yatoka wapi. Mtoto mmoja akainua mkono, akajibu, "Bombani." Basi mwalimu akachukua chaki, akaanza kuchora mlima.